Zabibu Zilizochumwa Bila Mimi

Nilijua mambo yameharibika hata kabla sijazima injini. Nyavu hazikuwepo.

Tangu Januari nyavu nyeupe zilikuwa zimefunika kilima chetu cha Kumeu, kutoka barabarani mpaka kwenye misonobari, kuzuia ndege wasitumalizie zabibu. Asubuhi nilipoondoka niliziacha zimetulia na umande wake. Sasa, saa tisa alasiri, zilikuwa zimeviringishwa pembeni mwa njia, na mizabibu imesimama uchi, majani matupu, bila kishada hata kimoja. Trekta letu lilikuwa linateremka polepole likivuta trela lililojaa makasha ya njano.

Nilibaki nimeshika usukani wa lori. Nyuma yangu kulikuwa na mapipa manne mapya ya mwaloni ambayo baba alinituma nikayachukue bandarini Auckland. "Nenda mwenyewe," aliniambia tukinywa kahawa. "Wale ukimtuma mtu wanampa mapipa ya mwingine." Nikaenda. Nikakalishwa kwenye foleni mpaka adhuhuri kwa sababu ya karatasi iliyokosa muhuri mmoja. Hapo ndipo akili iliponirudia: mapipa yale yangeweza kukaa bandarini hata mwezi mzima. Hatukuwa tunayahitaji mpaka Aprili.

Nikashuka. Wachumaji walikuwa bombani wakinawa mikono, watu kumi na wanane, na maongezi yao yalikatika nilipokaribia. Mama Hinerangi, mkubwa wao, aliyekuwa akichuma zabibu zetu tangu mimi nina meno ya utoto, alijifanya anatafuta sabuni iliyokuwa mkononi mwake.

"Nani kasema mchume?" nikauliza.

"Usinitazame hivyo, binti yangu. Mimi nilipewa mkasi nikaambiwa kata."

"Ukaambiwa na nani?"

Alielekeza kidevu kwenye trekta.

Aliyekuwa anaendesha ni Paora.

Paora Wihongi, mpwa wa Mama Hinerangi, kiongozi wa kundi lile la wachumaji, na mwanamume niliyempenda kwa miaka miwili kwa siri ambayo Kumeu nzima ilikuwa inaijua. Alipokuwa anapogoa mizabibu, vidole vyake vilitembea kwenye matawi kama vya mtu anayesuka nywele za mtoto. Akicheka, alianza kucheka kwa macho kwanza. Nilikuwa nimelala na kuamka na sura hiyo kichwani. Lakini alasiri ile nilipoiona juu ya trekta, nilikwenda nikasimama katikati ya njia yake.

"Zima trekta," nikamwambia.

Akazima.

"Shuka."

Akashuka. Juisi ya zabibu ilikuwa imemkaukia mpaka kwenye viwiko, na nyuki wawili walikuwa wanamzunguka. Siku nyingine yoyote ningewafukuza kwa kofia yangu nikapata kisingizio cha kumgusa.

Nilichukua zabibu moja kwenye kasha nikaitafuna. Utamu ulikuja kidogo ukakimbia, ukabaki ukali unaokunja ulimi. Nikatema kokwa kiganjani, nikamwonyesha.

"Hii ni rangi gani?"

"Neda, nisikilize..."

"Nimekuuliza rangi."

"Kijani," akasema.

"Jumapili nilikwambia nini?"

"Ulisema kokwa bado kijani. Ulisema tungoje mpaka Jumamosi."

"Na leo ni siku gani?"

"Jumanne."

Watu pale bombani walikuwa wananawa mikono iliyokwisha takata zamani.

Lazima niseme kwa nini nilikasirika vile, maana mtu asiyeijua nyumba yetu anaweza kudhani ni zabibu tu. Sisi akina Vulin tumekuwa tukitengeneza mvinyo katika kilima kile tangu babu yake baba alipofika kutoka Dalmatia, ng'ambo ya bahari, na katika miaka yote hiyo kwa nilivyojua hakuna mwanamke aliyewahi kuulizwa lini kuchuma. Waliulizwa chakula kiko tayari saa ngapi. Halafu baridi ya Julai iliyopita, mezani, baba alisimama na glasi yake akasema mbele ya watu wote: "Kuanzia mavuno yajayo, mvinyo wa Kipande cha Juu, hiki kilima chetu, ni wa Neda. Yeye ataamua lini, yeye ataamua vipi. Mimi nitaosha mapipa." Watu walicheka, mimi nililia. Nilikuwa na miaka thelathini na moja na ndiyo kwanza baba yangu aniite mtu mzima.

Jumapili nilikuwa nimepima sukari kwenye mistari yote. Digrii ishirini na nusu. Nilitaka ishirini na mbili, nilitaka kokwa zigeuke kahawia, na nilijua kungoja mpaka Jumamosi kungetosha. Nilijua pia kuwa redio ilikuwa imetangaza mvua ya Alhamisi. Nililiwaza hilo nikaamua.

"Simu yako imeharibika?" nikamuuliza Paora.

"Hapana."

"Yangu ilikuwa mfukoni siku nzima. Hata dada wa kliniki ya meno amenipigia. Wewe hukunipigia."

Alifuta mikono kwenye suruali, akaangalia chini.

"Baba alikwambia nimekubali?"

Nilitaka aseme ndiyo. Nilikuwa tayari kabisa kuupokea uongo ule, nimgeuzie baba hasira yote, na Paora abaki wangu bila doa. Ilitosha aseme neno moja.

"Hapana," akasema. "Nilijua hujakubali."

"Ulijua."

"Mvua inayokuja ni kubwa, Neda. Mzee wako anasema haijawahi kuonekana tangu..."

"Mvua naijua. Niambie, Julai ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Ulikuwa hapa na mimi. Tumepogoa mistari arobaini manyunyu yanatupiga, mikono imekufa ganzi, ukaniambia unapenda kufanya kazi na mtu anayejua anachotaka. Oktoba, machipukizi yametoka tu, ulinipigia kutoka Hokianga msibani, kuuliza kama upepo umeyavunja. Msibani, Paora. Desemba, maua yakidondoka, tuling'oa majani kwa mkono, siku kumi na moja, mpaka ngozi ya shingo ikatubanduka. Tuling'oa majani kwa nini?"

"Neda."

"Kwa nini tuling'oa majani?"

"Ili hewa ipite," akasema kwa sauti ya chini. "Mvua ikija, vishada vikauke haraka."

"Mvua ikija. Ndiyo hii mvua. Mwaka mzima nimejiandaa kwa ajili yake, na wewe ulikuwa pembeni yangu unaona. Hukuniamini kwa siku nne zilizobaki?"

Alinyanyua macho akanitazama, na kulikuwa na kitu machoni mwake ambacho sikukielewa. Ilikuwa aibu, lakini chini ya aibu kulikuwa na furaha fulani anayoificha, kama mtu aliyeficha zawadi mgongoni. Ikanizidishia hasira.

"Kuna jambo siwezi kukuambia hapa," akasema.

"Twende pale basi." Nilimwonyesha kivuli cha ghala, hatua sita.

"Siwezi leo. Kesho utajua. Nakuomba ungoje mpaka kesho."

"Unajua sana kuomba kungoja. Mimi niliomba mpaka Jumamosi ukaninyima." Nikapanda trekta. "Watu wako wamemaliza kazi. Nenda nao."

"Nikusaidie kukamua kwanza."

"Umenisaidia vya kutosha."

Niliingiza trekta ghalani. Baba alikuwa ndani, ameshaosha mashine ya kukamulia, anapiga mluzi. Baba yangu Stipan ni mtu mfupi, mabega mapana, masharubu meupe, na mluzi wake hutoka tu anapokuwa ameshinda jambo.

"Mapipa yamefika salama?" akaniuliza.

Nilimtazama. Aliacha mluzi.

"Zabibu haziwezi kunisubiri nikugombeze," nikamwambia. "Sogea."

Ndivyo ilivyo kazi yetu. Kishada kikishakatwa hakina habari na ugomvi wa watu, kinaanza kuharibika saa hiyo hiyo. Tulikamua bega kwa bega, baba na mimi, mpaka kasha la mwisho likaisha na juisi yote ikawa kwenye tangi. Nilipima. Ishirini na moja kasoro. Nikaandika kwenye daftari, nikafunga mlango, nikaenda kulala na viatu.

*

Kesho yake baba aliagiza chakula cha mchana cha sikukuu. Shangazi Vinka, dada yake, ambaye aliishi nasi tangu mama alipofariki, alikuwa amelaza nyama kwenye siki tangu juzi, kumbe hata yeye alijua kuna jambo. Alipika na viazi na mboga za majani zilizotiwa kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Nilikuja mezani kwa sababu nilitaka kuwa na watu wote mbele yangu.

Paora alikuwepo. Amenyoa, amevaa shati jeupe.

Hapo ndipo niliposhtuka. Kwa miaka miwili Paora alikuwa akija nyumbani kumsalimia baba, na kila alipokuja, baba aliinuka kwenda kukagua mapipa. Sidhani kama kuna mapipa duniani yaliyowahi kukaguliwa kama yetu. Hakuwahi kumtukana, hakuwahi kumfukuza, aliondoka tu. Nilipomuuliza, alisema Paora hana ardhi yake na siku yoyote atapata kazi mbali, Gisborne au kwingineko, anichukue. "Nina mtoto mmoja," alisema. "Wengine wana sita. Wakachukue kwa hao." Na sasa baba huyo huyo alimvutia Paora kiti cha mkono wake wa kulia, akamkatia mkate, akamwekea sahanini.

"Kula, mwanangu," akamwambia.

Shangazi Vinka alinitupia jicho, akarudisha jicho kwenye sufuria.

Baba akasimama na glasi.

"Mimi si mtu wa maneno mengi," akaanza, na hilo peke yake lilikuwa uongo. "Kijana huyu amenijia mara tatu kuniomba Neda. Mara tatu sikumjibu. Mtu akiwa na binti mmoja, jibu linachelewa. Leo namjibu. Harusi iwe baada ya Pasaka, mavuno yakishatulia."

Akabaki na glasi yake hewani, anatabasamu, macho yanamng'aa. Nilimjua vizuri. Alikuwa anangoja nimrukie shingoni.

Miaka miwili nilikuwa nimeiota dakika ile. Nilikuwa nimeiota nikipogoa, nikiosha mapipa, nikiendesha gari. Katika ndoto zangu zote nilikuwa nalia kwa furaha na Paora ananifuta machozi kwa ule mkono wake wenye harufu ya majani. Nilimgeukia. Alikuwa anatazama mkate sahanini.

"Baba," nikasema, "umeamua lini?"

"Lini nini?"

"Kumkubali. Umeamua leo?"

"Leo, jana, ina maana gani? Nimekubali."

"Jumapili jioni ulikuwa hujakubali. Alikuja hapa, ukaenda kwenye mapipa. Nilikuwepo."

"Neda, mama, kaa chini chakula kinapoa," akasema Shangazi.

"Paora." Sauti yangu ilitoka ndogo. "Jana uliniambia kesho nitajua. Nijulishe sasa."

Baba akaweka glasi chini. "Mambo ya wanaume hayo, yameshapita."

"Nimemuuliza yeye."

Paora alisukuma sahani mbele kidogo. Nitampa haki yake: hakujaribu kudanganya.

"Jumatatu asubuhi Mzee alinifuata kule Waimauku tulikokuwa tunachuma," akasema. "Akasema mvua inakuja, na wewe hutaki kusikia. Akasema nikimletea zabibu za Kipande cha Juu ghalani kabla ya mvua, nitakuwa mwanawe. Akanipa mkono."

"Na wewe ukampa wako."

"Nikampa wangu."

Shangazi Vinka aliweka kijiko chini. "Stipan," akamwambia kaka yake, "umefanya hivyo kweli?"

"Nimeokoa mavuno," akasema baba. "Na nimempa binti yangu mume anayemtaka. Nionyesheni kosa."

"Kosa?" Nilikuwa nimesimama, sijui nilisimama saa ngapi. "Umeniuza, Baba. Na wewe, Paora, umeninunua kwa zabibu zangu mwenyewe. Hata hukutoa kitu chako."

"Usiseme hivyo," akasema Paora.

"Nisemeje? Nifundishe."

Naye akasimama. Sijawahi kumwona Paora amekasirika kabla ya siku ile. Masikio yalimwiva.

"Miaka miwili nimesimama kwenye mlango huu nimeshika kofia," akasema. "Miaka miwili, Neda. Shangazi zangu wananicheka, wanasema naitwa kwenye nyumba hii kukiwa na kazi tu. Nakukuta kanisani, tunasalimiana kama watu wa benki. Wewe uliniambia tungoje, nikangoja. Jumatatu Mzee akafungua mlango, nikaingia. Nilikuwa nimechoka. Sikuangalia nakanyaga nini."

"Ulikanyaga mimi."

"Nilijua utakasirika. Nilidhani utakasirika wiki moja, halafu tutakuwa na maisha yetu yote."

"Kwa hiyo ulipiga hesabu ya hasira yangu ukaona inalipa."

Baba ndiye aliyejibu, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mwaka wewe ulipokuwa na miaka saba," akasema, "mama yako alisema tungoje siku tatu. Mvua ikaja. Kilima kizima kikaoza, hatukukamua hata kasha moja. Mama yako alikaa chini katikati ya mistari, kwenye matope, akalia. Mimi nilisimama sikujua niseme nini. Sikutaka nikuone wewe umekaa hapo."

Sikuwa nimewahi kuisikia hadithi hiyo. Ilinigusa, sitasema haikunigusa. Lakini hasira haikuondoka, ilikaa tu pembeni kidogo.

"Ungeniambia hivyo Jumapili," nikasema. "Ungenikalisha chini ukaniambia habari ya mama. Huenda ningechuma Jumatano. Ukaona rahisi kunituma mapipa."

"Usingenisikiliza."

"Basi ungeniacha nikae kwenye matope. Yangekuwa matope yangu." Nikawageukia wote wawili. "Hakuna harusi baada ya Pasaka. Nilichopewa Julai mmekichukua Jumanne, na hiki mnachonipa leo sikitaki."

Nikatoka. Nikiwa kwenye ngazi nilimsikia Shangazi Vinka akiwaambia, kwa sauti tulivu kabisa: "Haya, kuleni. Si ndio nyinyi mliokuwa na haraka."

*

Mvua ilikuja Alhamisi alfajiri na ilikuja kweli. Ilinyesha siku hiyo nzima na Ijumaa yote, upepo ukitoka baharini upande wa Muriwai, ukiinamisha misonobari. Nilikaa dirishani nikaiangalia. Nilikuwa natumaini itapita pembeni, na nilijionea aibu kwa tumaini hilo, kwa sababu lilikuwa linaombea niwe sahihi, halikuwa na habari na zabibu za majirani.

Jumamosi mvua ikakatika. Nilivaa viatu vya mpira nikatembea mpaka kwa Mzee Grgo, jirani yetu, ambaye alikuwa amengoja kama nilivyotaka kungoja mimi. Alikuwa amesimama kwenye mistari yake na mikono mfukoni. Zabibu zilikuwa zimepasuka kama nyanya zilizoanguka, na kwenye vishada vya ndani kuvu ya kijivu ilikuwa imeshaanza. Na yeye pia alikuwa ameng'oa majani. Nikasimama kando yake. Mwishowe akasema, "Nyinyi mliwahi," nikasema, "Ndiyo."

Nilirudi moja kwa moja ghalani. Baba alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mbele ya tangi. Juisi ilikuwa imeanza kuchacha, unasikia inavyonong'ona ndani. Nilijua ameshapita kwa Grgo.

"Nilikosea kuhusu mvua," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Hakupiga mluzi, na kwa hilo nilimshukuru.

"Kwa hiyo yameisha?" akauliza.

"Hayajaisha. Ulikuwa sahihi, Baba, na bado sijakusamehe. Vyote viwili ni kweli, na sina la kufanya."

"Mvinyo huu utakuwa mwepesi," akasema, akigusa tangi, "lakini utakuwa safi. Jina lako litakaa vizuri juu yake."

"Jina langu halitakaa juu yake." Nilichukua chaki kwenye rafu nikamwekea mkononi. "Mavuno haya aliyeamua ni wewe. Andika lako."

"Neda."

"Nitautunza. Nitaamka usiku kuupima, nitauosha, nitauonja, sitauachia uharibike. Lakini si wangu. Andika."

Kisha akainuka, magoti yakalia, akafuta kwa kiganja chake jina NEDA ambalo mwenyewe alikuwa ameliandika kwenye tangi lile Februari. Akaandika STIPAN. Herufi ya mwisho ilimtoka kombo. Akabaki ameikazia macho, chaki mkononi.

"Mwakani?" akauliza.

"Mwakani nitaamua mimi. Nikikosea, nimekosea. Ukinituma mapipa tena, nitaondoka na sitarudi."

"Sitakutuma," akasema baba yangu. Lilikuwa jambo la kwanza aliloniahidi ambalo hakuinua glasi kuliahidi.

*

Paora alikuja Jumapili, baada ya misa. Hakuingia ndani. Alisimama kwenye njia, karibu na nyavu zilizolowa, na gari lake lilikuwa na mabegi nyuma. Nilimwona kutoka ghalani. Nilitaka kumwacha asimame pale mpaka aote mizizi. Nikajikuta natembea.

"Nimemrudishia Mzee neno lake," akasema nilipofika. "Jana jioni. Nimemwambia mkono alionipa nimeuachia."

"Akasemaje?"

"Ameniita mpumbavu kwa lugha mbili. Halafu akaniuliza kama nimekula."

Nilikaribia kucheka. Nikajizuia, kwa sababu kicheko kingemalizia hasira iliyobaki, na mimi nilikuwa naihitaji.

"Mabegi ya nini?"

"Gisborne. Wananitaka kwa wiki kumi. Nilikuwa nimewakatalia. Nimewapigia nikawaambia ndiyo."

"Unakimbia."

"Nakuondokea mbele ya macho. Naona hupumui vizuri nikiwa hapa."

Ilikuwa kweli. Nilimtazama, yule mtu. Jeraha la mkasi kwenye kidole gumba lilikuwa halijapona, na nilijua hakulifunga kwa sababu kila mara mimi ndiye niliyemfunga. Mwili wangu wote ulitaka kusogea hatua mbili. Hasira ilinishika mkono ikanirudisha.

"Nikuambie jambo moja," nikasema. "Si zabibu zinazoniuma. Zabibu ningezisamehe juzi. Wewe ulikuwa mtu pekee katika kilima hiki ambaye alikuwa ananiuliza. Unataka kukata hapa au pale, Neda? Twende juu au chini? Watu wote wanamuuliza baba, wewe uliniuliza mimi. Ndiyo maana nilikupenda, hata kabla ya hayo macho yako. Na siku ile kubwa kuliko zote, na wewe ukaenda kumuuliza baba."

Machozi yalimjaa, hakuyafuta, akayaacha yateremke mbele yangu mchana kweupe na watu wanatoka kanisani.

"Hilo sikulijua," akasema. "Nisingelifanya kama ningelijua."

"Sasa unajua."

"Utakasirika mpaka lini?"

"Sijui. Usinipangie tarehe."

Akaitikia. Akafungua mlango wa gari, akaweka mguu mmoja ndani, akasita. Nilimwona anatafuta maneno, anayaacha, anatafuta mengine.

"Julai," akasema, "mtahitaji wapogoaji?"

"Watu sita."

"Umeshawapata?"

"Nimepata watano."

Alishusha mguu. Hakusogea karibu. "Ungependa nije, Neda? Au nisije? Lolote utakalosema, ndilo."

Gari moja kutoka kanisani lilipita, mtu akapunga mkono, hakuna aliyempungia. Nilimwacha angoje. Nilitaka aujue uzito wa kungoja jibu langu mimi, si la mtu mwingine yeyote.

"Uje kupogoa," nikasema mwishowe. "Kupogoa tu. Mengine utayauliza ukiwa hapa, na unaweza kuambiwa hapana."

"Nimekubali."

"Sijasema nimekusamehe."

"Nimesikia." Akapanda gari, akateremsha kioo. "Saa ngapi nifike?"

"Saa moja asubuhi," nikamwambia. "Ukichelewa, nitaanza bila wewe."